Ukingo uliofikiriwa mwisho: kisa cha baraza la mawe, Iringa mjini

Kisa hiki nimekishughulikia mwenyewe, nikiwa fundi sanifu niliyeitwa baada ya kazi kuharibika. Majina, mtaa na miaka nimeviondoa. Mwenye nyumba ameniruhusu kukiandika, na fundi wa kwanza anajua kwamba nakiandika. Vipimo nimeviacha kama vilivyokuwa.

Usuli

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima unamwita Mwalimu. Nyumba yake imekaa kwenye mteremko, kama nyumba nyingi za Iringa, mji uliojengwa juu ya kilima ukitazama bonde la Ruaha Mdogo. Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja wa udongo mwekundu: kiangazi vumbi, masika tope linalong'ang'ania kandambili hadi mtu anaingia ndani peku. Alitaka baraza la wazi la kupumzikia jioni, mita 9 kwa 4, urefu ukifuata ukuta wa nyumba. Tena alitaka mawe. Mkewe alikuwa amependekeza vigae vya nje. Jibu la Mwalimu lilikuwa kwamba mtu anayeishi chini ya Gangilonga, ule mwamba mkubwa wa Iringa, hawezi kwenda dukani kununua jiwe la kiwandani.

Mawe yenyewe ni graniti ya hapa hapa, mabamba yasiyo na umbo maalumu, unene wa sentimita 3 hadi 5. Ni vizuri kujua yanavyopatikana, maana jambo hilo litarudi mbele. Wachonga mawe huwasha moto juu ya mwamba. Joto likiingia, ngozi ya juu ya mwamba inatanuka kuliko ya chini na kubanduka kwa tabaka. Halafu wanamalizia kwa nyundo na tindo. Ndiyo maana unapata bamba pana kwa bei ya chini. Ila moto ukizidi, ndani ya jiwe hubaki nyufa ambazo jicho halizioni.

Kazi ya kwanza

Ilifanyika Oktoba, wiki mbili tu. Fundi aliyeitwa alikuwa na sifa nzuri ya vigae vya ndani, na sitaki asomwe hapa kama mzembe. Alifanya alichozoea. Tatizo ni kwamba sebuleni hakunyeshi.

Ili kupata usawa kwenye mteremko, alichimba upande wa juu, karibu na nyumba, na udongo ule ule akaujaza upande wa chini. Kwenye ukingo wa chini kina cha udongo wa kujaza kilifika sentimita 45. Walimwagia maji, vijana wakakanyaga, wakamwaga mchanga wa sentimita 5 na kuusawazisha kwa ubao. Kila jiwe likalazwa juu ya vidonge vitano vya udongo wa saruji (saruji na mchanga vilivyokorogwa kwa maji), vinne pembeni na kimoja katikati. Mianya kati ya mawe ikazibwa. Mwinamo wa kutoa maji ulipimwa kwa macho.

Siku ya mwisho, fedha zikiwa zinakaribia kwisha, fundi akauliza: "Mwalimu, na pembeni tunaweka nini?" Ndiyo mara ya kwanza ukingo kutajwa. Kulikuwa na matofali ya kuchoma kama 150 yaliyobaki wakati wa kujenga jiko. Yakafukiwa nusu, yakalazwa kwa mshazari, meno-meno kama yanavyopangwa kuzunguka bustani za maua, yakapakwa chokaa. Nimeona picha ya siku ile. Baraza lilipendeza.

Masika

Mvua zilianza mwisho wa Novemba. Dalili ya kwanza ilikuwa kiti cha plastiki: mgeni alikaa, mguu mmoja wa kiti ukazama kwenye kiungo kati ya mawe mawili. Baada ya hapo Mwalimu akaanza kusikia mawe yakilia chini ya nyayo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi kutoka chini. Kufikia Krismasi alikuwa anajua yapi yanacheza na wajukuu walikuwa wanayarukia kwa makusudi. Usiku mmoja wa Januari mvua kubwa ilinyesha, asubuhi mita tatu za ukingo wa chini zilikuwa zimelala kwenye matuta ya mboga, na mchanga uliokuwa chini ya baraza umetawanyika juu ya chainizi.

Niliitwa Februari. Nilipofika nilitazama juu kabla ya kutazama chini. Paa la bati la upande ule lina eneo la mita za mraba 45 hivi, na maji yake yote yalikuwa yanakusanywa na gata moja na kumwagwa kwenye kona ya baraza kupitia bomba lililokatwa nusu mita juu ya mawe. Hesabu yake haihitaji shule: milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Mvua ya milimita 40 ni lita 1,800, yaani ndoo kubwa 90, zinamwagwa mahali pamoja. Aliyewahi kwenda Isimila, kama kilomita 20 hivi kwenye barabara ya Mbeya, akaona zile nguzo za udongo zilizobaki baada ya korongo kulika, haulizi maji yanaweza kufanya nini kwenye ardhi ya Iringa.

Mwalimu alitaka turekebishe mara moja. Nilikataa, na huo ulikuwa uamuzi wa kwanza: huwezi kushindilia udongo uliolowa chapachapa. Tulifunga bomba refu la kupeleka maji ya paa mbali, tukaweka mawe ya kuziba pale paliporomoka, tukasubiri. Kazi ilifumuliwa Mei.

Tulichokikuta chini

Jiwe la kwanza liliinuka kwa mikono miwili, bila mtaimbo. Vidonge vitano vilibaki chini vimekaa kama maandazi kwenye sinia, juu vimenyooka na vina ramani ya mgongo wa jiwe, lakini hakuna hata kimoja kilichoshika. Nilipitisha kidole mgongoni mwa lile jiwe, kikatoka na unga wa kijivu. Lilikuwa vumbi la machimboni. Mawe hayakuoshwa wala hayakulowanishwa kabla ya kulazwa.

Kati ya vidonge palikuwa pamebaki nafasi tupu, na maji yaliyopenya kwenye viungo yalizigeuza mifereji. Yaliingia kona ya juu, yakatembea chini ya mawe, yakatokea chini ya matofali. Udongo wa kujaza ulikuwa umeshuka, mahali pengine kwa sentimita 6. Nao uso wa baraza ulikuwa umejengwa juu mno kwenye ukuta wa nyumba: sentimita 4 tu chini ya tabaka la kuzuia unyevu ukutani, na plasta ya ndani ilishaanza kuota madoa.

Matofali yalikuwa na habari yao. Nililivunja moja kwa mikono. Tofali la kuchoma likiiva vizuri ni zuri ukutani, lakini ukilifukia nusu kwenye udongo unaolowa na kukauka, linanyonya maji na kuanza kumeguka. Na hata yangekuwa magumu kama chuma, yalikuwa yamesimama juu ya udongo mlegevu bila zege nyuma yake. Hayakuwa yanazuia kitu.

Ukingo: mazungumzo marefu kuliko kazi

Hapa ndipo tulipotumia muda, na sijutii. Mwalimu alikuja na swali moja: tuweke ukingo wa nini? Nilimwomba kwanza tuzunguke baraza tuulize kila upande unataka kufanyiwa nini.

Upande wa nyumba hautaki ukingo wowote. Ukinyanyua chochote pale unatengeneza bwawa linaloegemea ukuta. Tukaamua kuacha pengo la sentimita 15 lililojazwa kokoto, ili maji yanayorukia ukutani yazame na ukuta upumue.

Pande mbili fupi zilikuwa na kazi ya kawaida ya ukingo: kushika msingi wa kifusi usisambae na kuzuia mawe ya mwisho yasisukumwe nje. Hapo ndipo uchaguzi wa malighafi una maana, na tulipitia mambo manne. Matofali ya kuchoma tuliyatoa mapema. Nguzo za msonobari zilizowekwa dawa zinapatikana Mafinga, nyepesi na rahisi kukata, na kwa njia ya bustani ya kokoto ningezichukua bila kusita. Ila ubao unavimba na kusinyaa, na nilitaka baraza lenye saruji lishikwe na kitu kisichobadilika. Kingo za zege za barabarani ni imara, zimenyooka, na kwa upande wa gharama na muda zilikuwa jibu bora. Mwalimu alizitazama akasema, "Kijana, mimi si Tarura," yaani wakala wa barabara za mijini na vijijini. Basi. Nilicheka, lakini nilimwelewa: mstari ulionyooka kama rula kando ya mawe yasiyo na umbo ungeonekana kama suti na ndara.

Tulichagua graniti ile ile, vipande vya urefu wa sentimita 30 vilivyosimamishwa, sentimita 20 zikizama kwenye zege, na nyuma yake zege limeegemezwa kwa mshazari hadi theluthi mbili ya kimo. Juu ya zege hilo tuliacha nafasi ya udongo wa kutosha nyasi kuota, vinginevyo unapata mstari mkavu wa kahawia kuzunguka baraza kila kiangazi. Vichwa vya mawe ya ukingo tuliviweka chini kidogo ya uso wa baraza, karibu sentimita 1, ili visizuie maji.

Upande wa chini ndio uliokuwa umedanganya kila mtu, nami nilikaribia kudanganyika. Tuliuita ukingo kwa sababu uko pembeni. Lakini pale baraza linasimama nusu mita juu ya bustani, na kitu kinachozuia nusu mita ya udongo ni ukuta, kiwe kimepakwa chokaa au hakikupakwa. Tulichimba hadi udongo mgumu, tukajenga ukuta mfupi wa mawe, unene wa sentimita 35, wenye mabomba ya inchi 2 ya kutolea maji kila mita moja na nusu, na kokoto nyuma yake ili mabomba yasizibwe na udongo. Ukuta huu ulijengwa kabla ya jiwe lolote la sakafu kulazwa. Kimo chake ndicho kilichoamua vimo vingine vyote.

Kazi ya pili

Julai, baridi na upepo mkavu. Udongo wote wa kujaza uliondolewa. Badala yake tulishindilia moramu, udongo wenye changarawe, kwa tabaka za sentimita 7 hadi 8 kwa mashine ya kukodi. Chini ya baraza lote zilikuwa tabaka mbili, na upande wa chini zilizidi hadi kujaza kina. Kipimo cha unyevu ni cha mkono: finyanga donge, likishikana bila kuacha maji kiganjani, liko tayari, likimong'onyoka, ongeza maji.

Mwinamo uliwekwa kwa mpira wa maji wa kupimia usawa na kamba, sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo sentimita 8 kutoka nyumba hadi ukuta wa chini. Graniti hii ina uso wenye mabonde. Mwinamo mdogo kuliko huo unaacha vidimbwi. Uso wa baraza ukashushwa hadi sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu, jambo lililotulazimu kuongeza ngazi moja mlangoni.

Mawe ya zamani tuliyapima kabla ya kuyarudisha. Tulikwenda machimboni kuongeza mengine, na mzee mmoja, baada ya "Kamwene" na habari za nyumbani, akatuonyesha namna anavyochagua: analiinua bamba upande mmoja, analigonga katikati kwa nyundo ndogo. Jiwe zima linatoa sauti kali inayokwenda mbali. Lililoungua ndani linatoa sauti fupi, pwa, kama ya mtu mwenye kifua. Karibu jiwe moja kati ya matano tuliyokuwa nayo lilikuwa la namna hiyo. Tukayavunja kuwa mawe ya ukuta wa chini.

Yaliyobaki yalisuguliwa kwa brashi na maji, yakapakwa uji mzito wa saruji mgongoni, yakalazwa juu ya tandiko zima la udongo wa saruji wa moja kwa nne (saruji moja, mchanga nne), unene wa sentimita 4, bila nafasi tupu. Kwa mita za mraba 36 hiyo ni karibu mita ya ujazo moja na nusu ya udongo wa saruji, mifuko 11 ya kilo 50. Vidonge vingetumia chini ya nusu ya hapo, na naelewa kwa nini fundi yeyote anavutiwa navyo. Bamba la sentimita 60 kwa 40 lenye unene wa sentimita 4 lina uzito wa kilo 25 hivi. Watu wawili wanaliweka, mmoja anagonga kwa nyundo ya mpira, na ukishaliinua kulirekebisha mara ya tatu, mgongo wako unakumbuka.

Viungo vilijazwa siku iliyofuata, vikakandamizwa kwa kipande cha nondo, baraza lote likafunikwa kwa magunia yaliyolowanishwa asubuhi na jioni kwa siku saba. Saidia fundi waliona ni mchezo. Upepo wa Julai unakausha saruji kabla haijashika, na huo ndio ufa unaouona Agosti.

Kosa langu

Nilihesabu maji yanavyotoka kwenye baraza. Sikuhesabu yanakokwenda.

Mvua ya kwanza kubwa ya Desemba, jirani wa chini alikuja asubuhi na mapema, hakukaribia hata kiti. "Mwalimu, shikamoo. Mmenifungulia mto." Na kweli, baraza lililokuwa linanyonya na kuvuja ovyo sasa lilikuwa linamwaga kila tone kwa mpangilio, kupitia mabomba saba yaliyoelekezwa kwenye mahindi yake. Nililisikia likisemwa mbele yangu na sikuwa na la kujibu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuchimba shimo la kunyonya maji, mita 1.2 kwa 1.2, kina mita 1.5, lililojazwa mawe. Shimo kama hilo linabaki na nafasi ya lita 800 na kitu tu kati ya mawe, na udongo wetu mwekundu wenye mfinyanzi unanyonya polepole. Mvua ya pili ingelikuta bado limejaa. Tulirudi kwenye hesabu ya Februari. Katika mvua ya milimita 40, baraza lenyewe linapokea lita 1,440, lakini paa linaleta 1,800, na bomba refu tulilofunga wakati wa kusubiri lilikuwa bado linamwaga upande ule ule. Tukaelekeza gata kwenye tangi la lita 5,000. Chini ya ukuta tukachimba mtaro mwembamba wenye kokoto unaopeleka maji ya baraza kwenye mtaro wa barabara. Jirani alikuja kuusimamia mwenyewe, na tulimwacha ausimamie.

Matokeo

Masika mbili zimepita. Ukuta wa chini haujasogea. Niliuwekea timazi mwezi uliopita. Ukingo wa pande fupi hauonekani tena isipokuwa vichwa vya mawe kati ya nyasi. Madoa ya ukutani yamekauka na Mwalimu amepaka rangi upya.

Kuna ufa mmoja mwembamba unaokata baraza karibu na katikati ya ule urefu wa mita 9, ukifuata viungo. Ni wangu pia: sakafu ngumu ya urefu ule, inayopigwa jua la mchana na baridi ya usiku ya Juni, ilihitaji pengo la kutanukia, nami sikuliacha. Tumeukata kwa mashine na kuujaza kitu kinachonyumbulika. Pia kulikuwa na chumvi nyeupe juu ya mawe miezi ya mwanzo, tukaisugua kwa brashi kavu, ikaacha kurudi.

Gharama ya kazi ya pili, pamoja na kufumua, ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema matofali ndiyo yaliyoangusha baraza, na wengi waliopita pale Januari walisema hivyo. Sikubaliani. Ukiondoa bomba la paa kwenye ile kona, nadhani matofali yale yangesimama msimu mmoja au miwili zaidi, na lawama ingeangukia kitu kingine. Ukiondoa vidonge, maji yasingepata njia chini ya mawe. Ukingo ulianguka mwisho kwa sababu ndiko kila kosa la juu lilikokuwa linatokea.

Lakini kuufikiria mwisho ndiko kulikofunga milango yote. Siku ya mwisho huwezi tena kushusha kimo cha baraza, huwezi kuchimba hadi udongo mgumu, wala huna fedha. Unabaki na swali la rangi na umbo, na hapo matofali 150 yaliyolala nyuma ya jiko yanaonekana kama baraka. Kwenye kazi ya pili ukingo ulitangulia, na sehemu kubwa ya maamuzi mengine yalijipanga yenyewe nyuma yake.

Kuhusu uchaguzi wa graniti dhidi ya kingo za zege, nakiri kwamba kwa uimara peke yake zege lingetosha na tungeokoa siku nne. Zile siku nne alizilipia Mwalimu kwa kupenda kwake, akijua. Hilo naliona tofauti na kulipia kitu usichokijua.

Kupima mawe kwa nyundo kulitupa faida kuliko nilivyotarajia. Sikuwa nikifanya hivyo zamani, nilikuwa natazama unene tu. Bado lipo moja lililotuponyoka, kona ya mashariki karibu na mti wa parachichi. Sijui kama ni jiwe lenyewe lililoungua au ni tandiko lililoacha nafasi. Kila nikienda kumsalimia, Mwalimu ananipeleka pale kabla ya chai, analigonga kwa bakora, pwa, kisha ananitazama.